Maneno ya Kubuni katika Maelekezo ya Vifaa na Huduma: Mtumiaji Ayasome Vipi?

Anayenunua simu, anayefungiwa mita ya umeme na anayejiunga na huduma ya pesa kwa simu wote hupewa maandishi ya kuwaongoza. Maandishi hayo huweza kuwa kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi, menyu inayoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli, au ujumbe mfupi unaomtaka mtumiaji achague kati ya “kubali” na “ghairi”. Kwa watumiaji walio wengi hayo ndiyo maelekezo pekee watakayopata, kwa kuwa muuzaji akishapokea fedha yake huhamia kwa mteja anayefuata.

Nchini Tanzania huzungumzwa lugha zaidi ya 120. Kwa hiyo anayesoma maelekezo ya Kiswahili mara nyingi husoma lugha yake ya pili, na anayesoma ya Kiingereza husoma lugha yake ya tatu. Msomaji huyu ni mwerevu na ana haki sawa na wengine, ila hutegemea sana kila neno liwe na maana aliyofundishwa au anayoweza kuiuliza. Anapokutana na neno lililobuniwa jana, au neno la utani lililogeuzwa kuwa istilahi, hana pa kushika.

Makala haya yanaeleza maneno hayo hutoka wapi, humkwamisha mtumiaji namna gani, na afanye nini akwepe hasara. Jambo moja tunalitilia mkazo tangu mwanzo: neno geni halina madhara makubwa likiwa mahali pa kupita tu. Madhara huanza linapowekwa mahali pa kuamua, yaani pale mtumiaji anapotakiwa kubonyeza, kulipa, kukubali au kutaja namba.

MANENO HAYA HUTOKA WAPI?

Kundi la kwanza ni utani wa mafundi. Wanaobuni vifaa huvipa majina ya mzaha wakiwa kazini, na majina hayo hubaki hata bidhaa inapofika sokoni. Mfano ulio maarufu ni Bluetooth. Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, alikuwa na jina la utani lenye maana ya “jino la buluu”. Jim Kardach, mhandisi wa kampuni ya Intel, alipendekeza jina hilo litumike kwa muda kwa teknolojia mpya ya kuunganisha simu na kompyuta bila waya, kwa kuwa mfalme huyo hukumbukwa kwa kuwaunganisha watu wa Denmark na Norwei. Jina la muda likawa la kudumu. Hata alama yake ni herufi mbili za kale za Skandinavia zilizounganishwa, H na B. Hakuna chochote katika neno lenyewe kinachomweleza mtumiaji wa Singida kwamba akiliwasha, simu yake itaanza kutafuta vifaa vilivyo jirani.

Neno “cookie” nalo lina historia ya namna hiyo. Kwa Kiingereza cha Marekani maana yake ni biskuti. Mwaka 1994 Lou Montulli, mtaalamu wa programu wa kampuni ya Netscape, alilitumia kuita taarifa ndogo ambayo tovuti huihifadhi katika kifaa cha msomaji ili imtambue anaporudi. Alilichukua kutoka katika misemo ya waandishi wa programu waliomtangulia. Neno “spam”, linalotumika kwa ujumbe usioombwa, lilikuwa jina la nyama ya kopo. Likapata maana hiyo kupitia mchezo wa kuchekesha wa kundi la Monty Python la Uingereza, uliorushwa mwaka 1970, ambamo neno hilo hurudiwarudiwa hadi hufunika mazungumzo mengine yote.

Kundi la pili ni majina yaliyotungwa kwa ajili ya biashara. Wi-Fi ni moja kati yake. Jina hili lilitungwa na kampuni ya Interbrand mwaka 1999 ili litamkike kwa urahisi na kukaa kichwani. Wengi hutafuta kirefu chake, lakini lilipotungwa halikuwa na kirefu chochote.

Kundi la tatu ni istilahi za Kiswahili zilizoundwa ili kutafsiri mambo mapya. Kompyuta, kwa mfano, imewahi kupewa majina ya “tarakilishi” na “ngamizi”, na taarifa ndogo za tovuti tulizozitaja hapo juu huitwa “vidakuzi” katika menyu za simu nyingi. Kuunda istilahi ni kazi halali na ya lazima, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina wajibu katika kazi hiyo. Tatizo hutokea pale istilahi inapofika kwenye kioo cha simu kabla haijafika masikioni mwa watu.

KWA NINI HUMKWAMISHA ZAIDI MSOMAJI WA LUGHA YA PILI?

Kwetu utani una watani wake. Mngoni anaweza kumwambia Mhehe neno ambalo, likisemwa na mtu mwingine, lingezua ugomvi. Wenyewe hucheka kwa sababu wanaijua historia iliyo nyuma ya neno hilo. Mgeni anayepita njiani hasikii utani, husikia matusi. Vivyo hivyo neno la mzaha katika maelekezo hueleweka na walioshiriki mzaha wenyewe. Anayesoma kutoka mbali hulichukua kama lilivyoandikwa.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Mzawa wa lugha akikutana na neno asilolijua hushuku neno. Msomaji wa lugha ya pili hujishuku mwenyewe. Hudhani kwamba ni somo alilolikosa shuleni. Hufungua kamusi, na humo neno halimo, au limo kwa maana nyingine. Anayelisoma neno “vidakuzi” kwa mara ya kwanza huenda akalihusisha na daku, chakula cha usiku wa Ramadhani, na dhana hiyo haimsaidii kujua kama abonyeze “kubali” au “kataa”. Mwishowe huona aibu kuuliza, akabonyeza kitufe kilicho kikubwa zaidi, au akampa simu mtu aliye karibu amsaidie.

Hapo pa kumpa mtu simu ndipo hasara nyingi zinapoanzia. Anayekabidhi simu kwa sababu hakuelewa neno moja hukabidhi pamoja nayo salio, ujumbe wake na, mara nyingi, namba yake ya siri.

JAMBO MOJA, MANENO MENGI

Mtumiaji ameonywa mara nyingi kwamba asimtajie mtu yeyote namba yake ya siri. Onyo hilo ni zuri na limeenea. Lakini namba hiyohiyo, au neno linalofanya kazi ileile, huitwa “nywila” katika programu moja, “nenosiri” katika nyingine, “neno la siri” katika ya tatu, na “PIN” kwa wakala. Tapeli anayepiga simu na kuomba “nywila ya kuhakiki laini yako” hategemei mtumiaji kuwa mjinga. Hutegemea kwamba onyo alilolisikia lilitumia neno tofauti.

Vitenzi navyo huchanganya. Ukurasa mmoja unaweza kusema “bonyeza”, mwingine “bofya”, wa tatu “gusa”, na msomaji makini akadhani ni vitendo vitatu tofauti. Zaidi ya hayo, kuna maneno yanayofanana sura lakini yakatofautiana sana kwa matokeo. “Kuwasha upya” simu ni kuizima na kuiwasha tena, hakuna kinachopotea. “Kuweka upya” huweza kuwa na maana ya kuirudisha ilivyotoka kiwandani, jambo linalofuta picha, ujumbe na namba zilizohifadhiwa ndani yake.

NENO MOJA, MAMBO MAWILI

Upande wa pili wa tatizo ni neno moja kubebeshwa mizigo miwili. Anayenunua umeme wa LUKU hupokea tarakimu 20 ambazo watu huziita “tokeni”. Tarakimu hizo zimetengenezwa kwa ajili ya mita moja tu. Mtu akizisoma kwa sauti mbele ya jirani hapotezi kitu, kwa kuwa hazitaingia katika mita nyingine. Ndiyo maana ni jambo la kawaida baba kumtumia mwanawe tokeni, au mwenye nyumba kumsomea mpangaji wake kwa simu.

Lakini baadhi ya huduma za benki na za mtandaoni hutumia neno hilohilo, “tokeni”, kwa tarakimu chache zinazotumwa kwa ujumbe mfupi ili kuthibitisha kwamba mwenye akaunti ndiye anayeingia. Hizo ni ufunguo wa mlango. Aliyezoea kusoma tokeni ya umeme kwa sauti bila wasiwasi anaweza kusoma na hii vilevile. Akaunti ikiisha kufunguliwa na mtu mwingine, kurudisha fedha ni kazi ndefu isiyo na uhakika.

Mfano mwingine ni “kodi”. Katika Kiswahili kodi ni malipo ya serikali au ya pango. Siku hizi baadhi ya ujumbe huandika “kodi ya uthibitisho”, zikimaanisha msimbo. Mfanyabiashara mdogo anayepokea ujumbe kwamba “kodi yako ni 48” na kadhalika ana kila sababu ya kudhani anadaiwa. Akipigiwa simu baada ya hapo na mtu anayejidai kuwa ofisa, nusu ya kazi ya utapeli imekwisha kufanywa na neno lenyewe.

MAJINA MATAMU NA DENI LILILO NDANI YAKE

Lipo kundi la majina ambalo mtumiaji anapaswa kulisoma kwa makini ya pekee. Ni majina ya huduma za kukopa salio au kukamilisha malipo wakati fedha hazitoshi. Aghalabu majina hayo hutokana na vitenzi vya kusaidia: kuokoa, kuvusha, kusogeza, kupiga tafu. Ni majina ya kupendeza, na hakuna kosa katika kupendeza. Hata hivyo, neno “mkopo” halimo katika jina. Mtumiaji hubonyeza kitenzi cha msaada, akapata fedha, na siku ya kuongeza salio hukuta sehemu yake imekatwa pamoja na ada.

Kanuni ni rahisi: huduma yoyote inayokupa leo na kukata kesho ni mkopo, hata iitweje. Kabla ya kubonyeza, tafuta mambo matatu: kiasi utakachopokea, ada utakayotozwa, na siku au tukio litakalosababisha makato. Kimojawapo kisipoonekana, ghairi.

SI KILA NENO LA KUBUNI NI BAYA

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba maneno yote mapya ni ya kuepukwa. Tanzania ilipozima mitambo ya televisheni ya analojia jijini Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, kila aliyetaka kuendelea kutazama alihitaji kifaa kipya. Kifaa hicho kikaitwa “king'amuzi”. Neno lilikuwa geni, lakini mzizi wake haukuwa mgeni: kung'amua ni kutambua jambo lililofichika, na ndivyo kifaa kifanyavyo kwa mawimbi yaliyofungwa. Tena neno hilo lilitumika namna moja redioni, madukani na katika matangazo. Leo hakuna anayeomba lielezwe.

LUKU nayo ni jina la kubuni, lililotokana na herufi za mwanzo za sentensi “Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo”. Anayekumbuka sentensi hiyo ameshajua mita inavyofanya kazi.

Mifano hii miwili inaonyesha vigezo vitatu vya neno jipya lililo jema. Kwanza, mzizi au kirefu chake kinajulikana na wasomaji. Pili, limeelezwa lilipotumika kwa mara ya kwanza. Tatu, halibadiliki kutoka ukurasa hadi ukurasa. Neno lenye vigezo hivi humhudumia mtumiaji.

FUNZO KUTOKA KWA MAFUNDI WA NDEGE

Sekta ya usafiri wa anga ilikwisha kukabiliana na tatizo hili. Vitabu vya matengenezo ya ndege huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mafundi wanaovisoma wametawanyika duniani kote, na wengi wao si wazawa wa lugha hiyo. Neno likieleweka vibaya katika kitabu cha namna hiyo, bolti huweza kuachwa bila kukazwa. Kwa sababu hiyo viwanda vya ndege vya Ulaya, kwa ombi la mashirika ya ndege, viliandaa kanuni za Kiingereza kilichorahisishwa, na mwongozo wake wa kwanza ukatolewa mwaka 1986. Mwongozo huo ungali unatumika na kuboreshwa.

Kanuni zake ni nyepesi kukumbuka. Neno moja libebe maana moja, na maana moja ibebwe na neno moja. Sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, na sentensi ya maelezo isizidi 25. Hata neno la kawaida kabisa hufungwa mipaka: kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya “kufuata” huruhusiwa kwa maana ya kitu kuja nyuma ya kingine, lakini hakiruhusiwi kwa maana ya “kutii”, kwa hiyo mwandishi hamwambii fundi “afuate maagizo” kwa kitenzi hicho. Hakuna nafasi ya mzaha. Wanaokagua injini hawajakosa ucheshi. Wameona tu kwamba mahali pa kuamua hapahitaji ucheshi.

Menyu ya pesa kwa simu haina uzito wa injini ya ndege. Lakini kwa mama anayetuma ada ya shule ya mtoto, kubonyeza mahali pasipo ni hasara ya mwezi mzima. Anastahili uangalifu wa aina ileile.

MTUMIAJI AFANYE NINI?

1. Ukikutana na neno usilolijua mahali pa kuamua, simama. Hakuna huduma halali inayokufa kwa kusubiri dakika kumi. Ujumbe unaokuharakisha ni dalili ya utapeli.

2. Usijilaumu. Neno kutokuwamo katika kamusi si upungufu wako. Ni wajibu wa aliyeliandika kulieleza.

3. Jiulize neno linakutaka ufanye nini: ulipe, ukubali, ufute, au utaje namba? Huhitaji kujua historia ya neno. Unahitaji kujua matokeo yake.

4. Tarakimu yoyote unayotumwa kwa ujumbe mfupi ili kuthibitisha jambo usimtajie mtu, iitwe msimbo, kodi, tokeni, nywila au PIN. Tarakimu 20 za umeme ulioununua wewe mwenyewe ndizo pekee kati ya hizi unazoweza kumsomea anayeziingiza katika mita yako.

5. Ukihitaji msaada, piga namba ya huduma kwa wateja iliyochapishwa kwenye boksi, kadi ya laini au mkataba. Usitumie namba uliyopewa na aliyekupigia.

6. Ukilazimika kumwomba mtu akuelekeze, shika simu mwenyewe. Yeye aseme, wewe ubonyeze.

7. Omba maelekezo kwa lugha unayoielewa kabla ya kulipia kifaa. Haki ya kupata taarifa ni miongoni mwa mambo yaliyomo katika Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Kumlinda Mlaji, iliyopitishwa mwaka 1985.

WATOA HUDUMA WANATARAJIWA NINI?

Tunawahimiza watoa huduma na waagizaji wa vifaa wasome menyu na vijitabu vyao kwa macho ya msomaji wa lugha ya pili. Jina la huduma liwe la kupendeza wapendavyo, ila chini yake paandikwe kwa maneno ya kawaida kwamba ni mkopo, ni kifurushi au ni zawadi. Jambo moja liitwe kwa jina moja tangu tangazo hadi stakabadhi. Kama tangazo limesema “bando”, menyu isiseme “kifurushi”. Pale penye kubonyeza, kulipa au kufuta, watumie maneno ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anayajua. Na kabla ya kuchapa, wampe mtu ambaye hakushiriki kuyaandika ayasome kwa sauti na aeleze alichoelewa.

UKIPATA HASARA AU UKIKWAMA

Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma. Mweleze tatizo mapema, omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako na uihifadhi. Usipopata majibu, au usiporidhika nayo, lifikishe lalamiko katika ofisi zetu ukiwa na namba hiyo. Usifute ujumbe uliokuchanganya. Ulete kama ulivyo, au unakili neno lilelile kwa herufi zake zote, hata kama linaonekana la ajabu. Mara nyingi walalamikaji huandika kile walichodhani neno lilimaanisha. Sisi tunahitaji neno lenyewe, kwa sababu neno hilo ndilo ushahidi, na ndilo tutakalomtaka mtoa huduma alirekebishe.